Ini jipya, kiu ile ile

(Nilizungumza haya kwenye kikao cha wagonjwa waliopandikizwa ini na familia zao, Dar es Salaam. Naiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha za ukutani nimeziacha, hamjapoteza kitu.)

Shikamooni wazee wangu. Na nyie wengine, hamjambo? Naona leo tumejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, kuna mama hapa mbele kapanda basi usiku kucha kutoka Mbeya, mama pole na safari na ahsante sana kwa kuja. Naona na wenzetu wa Unguja pale nyuma, karibuni, sogeeni hamtaumwa.

Kwa wasionijua, mimi ni muuguzi. Sio daktari, sio mpasuaji. Mimi ndio yule anayewatoa damu asubuhi kabla hamjameza dawa, na ndio yule mnayempigia saa tano usiku kuuliza kama papai linaruhusiwa. Papai linaruhusiwa. Balungi ndio haliruhusiwi, linapandisha dawa kwenye damu, na hilo tushalisema mpaka tumechoka.

Leo nimeombwa nizungumzie pombe. Eeh, nimeona sura zilivyobadilika! Kuna kaka pale kashaanza kuangalia simu. Kaka weka simu mfukoni, sijaja kumtaja mtu, na stori zote nitakazotoa za wagonjwa wetu nimezibadilisha vitu vidogo vidogo ili mwenyewe hata akiwa humu ndani awe anajijua yeye na mimi tu.

Na kabla sijaanza, najua kuna watu humu hawajawahi hata kuonja bia. Ini lao liliharibiwa na homa ya ini B, au ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, na wanasema moyoni haya hayatuhusu. Yanawahusu. Nimeshakutana na mtu mwenye homa ya ini B ananiambia nesi mimi ini langu halikuharibiwa na pombe, kwa hiyo glasi moja moja kwangu si kitu. Nani kakwambia? Ini ulilowekewa halijui la kwanza liliharibiwa na nini, linachojua ni kilichoingia leo. Kaeni tusikilizane.

Jambo langu la kwanza. Upasuaji unatoa ini. Hautoi kiu.

Wazee wa mpira mnamkumbuka George Best? Nyie vijana wa Messi mtaulizia nyumbani. Best alikuwa winga wa Manchester United, mtoto wa Belfast, mwaka 1968 United walichukua Kombe la Ulaya pale Wembley wakiipiga Benfica nne kwa moja na yeye akafunga moja, mwaka huo huo akapewa Ballon d'Or. Alikuwa na miaka 22. Umaarufu ukaja na pombe ikaja nao, mpaka ini likaisha. Alishawekewa mpaka vidonge vya kupandikizwa tumboni, vile ambavyo ukinywa pombe unaumwa vibaya, kusudi aogope. Julai 2002 akapewa ini jipya London. Upasuaji ulifanikiwa. Mwaka uliofuata akaonekana baa. Mwaka 2004 akafungiwa leseni kwa kuendesha gari amelewa. Novemba 25, 2005, akafariki, maambukizi yamemzidi na viungo vinaacha kazi kimoja baada ya kingine, ana miaka 59. Siku chache kabla alikubali picha yake kitandani itolewe gazetini, kakonda, kawa wa manjano, na ujumbe wake ukawa maneno machache tu: msife kama mimi.

Waingereza walimkasirikia sana. Wakasema kaharibu ini la marehemu, lingepewa mtu mwingine. Na mimi naelewa hasira hiyo, foleni ni ndefu na watu wanafia kwenye foleni. Lakini nawauliza, yule mtu alikosa nini? Alikosa pesa? Alikosa madaktari? Alikosa watu wa kumpenda? Mazishi yake Belfast watu walijaa barabarani kwenye mvua! Hakukosa hata kimoja. Ini lilibadilishwa, kiu haikubadilishwa. Ni kama umeezeka bati jipya kwenye nyumba ambayo mchwa wako kwenye nguzo, bati linang'aa kweli, ila nguzo hukuzigusa.

Sasa msitoke hapa mkisema nesi kasema wote watarudi. Hapana! Kwa wale ambao ini lao liliharibiwa na pombe, tafiti nyingi zikiwekwa pamoja zinaonyesha karibu mmoja kati ya watano anarudi kuonja au kunywa, na wanaorudi kunywa sana ni wachache zaidi ya hapo. Maana yake nini? Maana yake watu wanne kwa watano hawagusi tena. Yupo Mmarekani mmoja mwigizaji, Larry Hagman, mwenyewe alisimulia kwamba zamani alikuwa anaanza shampeni asubuhi akiwa kazini. Mwaka 1992 akaambiwa ini limesinyaa, akaacha. 1995 akapata ini jipya. Akaishi mpaka 2012, akafa ana miaka 81. Miaka kumi na saba na ini la mtu mwingine! Kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Lakini mmoja kati ya watano ni watu wangapi humu ndani? Angalieni mstari mliokaa. Mnaona? Na huyo mmoja haandikwi usoni. Tunajua vitu vinavyoongeza hatari, aliyeacha muda mfupi kabla ya upasuaji, anayeishi peke yake, mwenye sonona au msongo ambao haujatibiwa, anayevuta sigara, aliyetoka ukoo wa wanywaji, kijana kuliko mzee. Hata hivyo nimeona mtu hana hata kimoja na amerudi, na nimeona mtu anavyo vyote na miaka inakwenda hajagusa. Wengine wanarudi mwaka wa kwanza, wengine mwaka wa tano wakati kila mtu ashasahau hata kuuliza.

Jambo la pili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio hasa lililonileta.

Uongo tunaufundisha sisi wenyewe. Nisikilizeni vizuri. Miaka mingi duniani, hasa kuanzia Marekani, kulikuwa na sheria ya miezi sita. Unataka ini? Kaa miezi sita bila pombe kwanza. Zamani hata hiyo haikuwepo, walevi wengi walikuwa hawaguswi. Yule daktari Thomas Starzl aliyejaribu kupandikiza ini la binadamu mara ya kwanza kule Denver mwaka 1963, ndiye mwaka 1988 pamoja na wenzake waliandika kwamba wagonjwa wa pombe wakipandikizwa wanaishi vizuri tu sawa na wengine. Baada ya hapo mlango ukafunguka, ila ukawekwa mlinzi, miezi sita. Na ilikuwa na hoja yake, kuna mtu akiacha pombe ini lake linajirekebisha lenyewe mpaka hahitaji kupasuliwa. Lakini mgonjwa akasikia nini? Akasikia: ukisema umekunywa, unakufa. Ukisema hujanywa, unaishi.

Sasa mwambie mtu wa namna hiyo aseme ukweli. Atasema? Wewe ungesema? Anajifunza kusema nimeacha dokta, nimeokoka dokta, hata harufu siitaki dokta. Mke anajifunza kusema hivyo hivyo. Kaka anajifunza. Ukoo mzima unafundishwa jibu moja kama shairi la shule. Halafu upasuaji unafanyika, mtu anarudi nyumbani na mdomo ule ule uliofunzwa, na sisi kliniki tunamuuliza vipi, unakunywa? Anajibu kwa mdomo ule ule.

Wafaransa na Wabelgiji walijaribu njia nyingine. Walichukua wagonjwa 26 ambao ini lilikuwa limewaka vibaya kwa pombe, dawa zimeshindwa, miezi sita hawaifikishi, wakawachuja sana, familia zikaahidi kuwa nao, wakawapandikiza bila kusubiri. Walichapisha 2011. Baada ya miezi sita, waliopandikizwa walikuwa hai 77 kwa mia, wale wa kulinganishwa nao ambao hawakupandikizwa walikuwa 23 kwa mia. Na waliorudi kunywa baadaye ni watatu. Kazi nyingine ya Wafaransa ya 2022 ilikuwa kubwa zaidi, ikaonyesha waliorudi ndani ya miaka miwili ni 34 kwa mia kwa wale wa haraka na 25 kwa mia kwa wale waliosubiri, na wanywaji wa kupindukia walikuwa wengi zaidi upande wa wale wa haraka. Nawapa pande zote mbili kwa sababu nyie sio watoto. Kusubiri kunasaidia kiasi, hakumalizi tatizo. Hata waliosubiri, robo wamerudi.

Ngoja niwape stori. Kaka mmoja dereva wa malori, njia ya Tunduma. Alipandikizwa India, kama wengi wenu humu, mdogo wake ndiye alimtolea kipande. Karudi, kapona, kanenepa, miaka miwili kila kipimo safi. Siku moja vimeng'enya vya ini, vile vya kwenye damu vinavyoonyesha ini linaumia, vimepanda. Tunamuuliza, unameza dawa? Nameza. Umekunywa? Sijanywa, haki ya Mungu. Mke anaapa. Haya, kama hunywi na vimeng'enya vinapanda, daktari atafikiria nini? Atafikiria mwili unalikataa ini. Wakachukua kinyama cha ini kupima, kweli dalili za kukataliwa zipo. Akachomwa dozi kubwa za steroidi, sukari ikapanda mpaka akaanzishiwa insulini, kinga ikashuka, akapata nimonia, kalazwa wiki kadhaa. Anatoka, baada ya muda vimeng'enya vinapanda tena.

Mnajua ilikuwa nini? Alikuwa anakunywa bia Jumamosi. Na mtu mwenyewe ni mwangalifu, eti alisikia dawa na pombe zisichanganywe, basi Jumamosi jioni anaruka takrolimasi, ile dawa inayozuia mwili usilikatae ini, na Jumapili asubuhi anaruka tena ili zisigongane! Yaani wiki nzima anameza vizuri, wikiendi analiacha ini bila ulinzi na juu yake anamwagia bia. Kwa hiyo kukataliwa kulikuwepo kweli, na pombe ilikuwepo kweli, ila sisi tulikuwa tunatibu nusu. Bia zenyewe hazikuwa nyingi, na mimi naamini zile bia peke yake zisingemfikisha pale haraka vile. Kilichomfikisha pale ni kuficha. Angesema wiki ya kwanza, tungekaa naye, tungempeleka kwa mshauri, dozi zisingerukwa, steroidi zisingechomwa, insulini asingeijua. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nimekiona kilio hicho kwa macho.

Kwa hiyo nawaambia neno moja, mtalisikia mpaka mlichukie. Sema mapema. Ini likianza kukataliwa usiku wa manane mnanipigia, macho yakiwa ya manjano mnapanda bajaji mnakuja mnakimbia, si ndio? Pombe ikirudi mnajificha. Kwa nini? Vyote viwili vinaua ini lile lile. Kimoja unakiita ugonjwa, kingine unakiita aibu. Mimi nasema vyote ni ugonjwa. Sema mapema.

Na mjue ndani kunatokea nini. Pombe inaingia kwenye ini, mafuta yanaanza kujaa, hiyo ni wiki tu wala sio miaka. Ukiendelea ini linawaka, ukiendelea linapata makovu. Mtu anasema la kwanza lilichukua miaka ishirini kuharibika, kwa hiyo na hili nina miaka ishirini. Hesabu hiyo haipo! Wafaransa walifuatilia wagonjwa zaidi ya 700 waliopandikizwa kwa ajili ya pombe, wakachapisha 2015, wale waliorudi kunywa sana karibu theluthi moja yao ini jipya lilisinyaa tena, na kawaida ilichukua kama miaka mitano tu. Na ukiwa unavuta sigara juu yake, dawa za kushusha kinga plus pombe plus sigara, kansa ya mdomo, ya koo na ya mapafu inakutafuta kwa bidii. Wapo waliofia hapo ini likiwa zima kabisa.

Nagusa na hili haraka. Bia isiyo na kilevi, naulizwa kila wiki. Nyingine zina kilevi kidogo sana na nyingine hazina, lakini mimi jibu langu ni acha, kwa sababu ladha ile ile, chupa ile ile, baa ile ile na marafiki wale wale, kichwa chako hakijui tofauti, wiki ya tatu utaagiza ile nyingine. Dawa za kienyeji za chupa, zile zinazoitwa za nguvu au za kusafisha damu, nyingi zinalowekwa kwenye pombe kali, na hata ambazo hazina pombe mizizi yake inaweza kuvuruga takrolimasi au kuliumiza ini lenyewe. Na dawa za kikohozi soma karatasi yake kwanza, au nipigie.

Jambo la tatu ni nyumbani. Hapa wagonjwa pumzikeni kidogo, nazungumza na familia.

Sisi huku kwetu ini halitoki kwa marehemu asiyejulikana kama la George Best. Wengi humu mmeenda India, na sheria ya India kwa kawaida inataka mtoaji awe ndugu wa karibu, mzazi, mtoto, kaka, dada, mume au mke, na kwa mgeni inatakiwa na barua ya ubalozi kuthibitisha. Maana yake aliyekupa ini mnakula naye ubwabwa wa Idi, mnakutana naye msibani, kovu lake analijua kila mtu. Ni baraka kubwa. Na ni mzigo mkubwa, tusidanganyane.

Nilikuwa na mgonjwa kapewa ini na mdogo wake wa kiume. Kwenye send-off ya binti yao, kaonekana ana glasi. Mjomba mtu kasimama mbele za watu, kwa sauti, unalinywea ini la mdogo wako! Ukumbi mzima kimya, MC kashindwa hata kuongea. Haya, mjomba kasema uongo? Hajasema uongo. Ila kilitokea nini baada ya pale? Unafikiri yule baba aliacha? Aliacha kunywa ukumbini. Akahamia stoo ya dukani kwake, peke yake, konyagi ndogo ndogo, na kwenye sherehe za ukoo haji tena. Mke akaanza kumnusa mdomo kila akiingia, anapekua mifuko, anampigia mhudumu wa duka. Ikawa nyumba ya polisi na mwizi. Na yule mdogo mtu ndio aliniumiza zaidi, alikuja kuniuliza nesi, nilivyompa ini nilimpa au nilimkopesha?

Swali gumu hilo. Mimi nilimjibu hivi, na nawajibu na nyie: ulimpa. Kovu lako sio hati ya madai. Hasira unayo na ni haki yako, ifanye iwe kubwa unavyotaka, ilete kwangu, ilete kwa mshauri, ilie kwa mkeo. Usiipeleke kwenye ukumbi wa send-off. Kwa sababu mtu anayekunywa kwa aibu ukimwongezea aibu, umemwongezea nini? Umemuongezea sababu.

Na watoaji, nyie pia mkae mbali na pombe mpaka daktari aseme, ini lenu linajijenga upya haraka, ndani ya miezi michache linakaribia ukubwa wake wa zamani, mliache lifanye kazi yake.

Mnataka kuona nyumba nyingine? Mzee mmoja wa Moshi, na mnajua Moshi mbege ni ya harusi, ya msiba, ya ubatizo, mbege ni mgeni rasmi. Ana binti yake anasoma chuo. Siku moja binti kamkuta baba ana harufu. Hakupiga kelele. Kasema baba, umekunywa? Mzee kanyamaza. Binti kasema haya, kesho saa moja tunaenda kliniki, dawa za leo jioni unameza nikiwa nakuona. Basi, kaenda kupika. Asubuhi wako kwangu, mzee kanuna kama mtoto, lakini yuko. Yuko! Hajakosa hata dozi moja. Hiyo ndio tofauti yote kati ya nyumba hizi mbili, ya kwanza ilitaka kumuumbua mtu, ya pili ilitaka kumfikisha. Na huyo mzee sio kwamba aliacha siku hiyo hiyo moja kwa moja, aliteleza tena sikukuu ya Krismasi, akaja tena mwenyewe Januari bila binti.

Sasa sherehe. Kamati za harusi, nisikieni. Mtu amesema hanywi, usimuulize mara mbili. Wewe inakuhusu nini? Mbona mwenye kisukari akikataa keki hamumchekeshi? Usimwambie moja tu haidhuru, usimwambie ndio umekuwa mlokole. Na wewe mgonjwa usifike ukumbini mikono mitupu, mkono mtupu unapewa glasi. Ingia, chukua soda yako au maji mwenyewe, ishike. Kaa meza ya wazee au ya watoto. Wakati wa kufungua shampeni toka nje kapige simu, nipigie mimi kama huna wa kumpigia. Na ukishakula nenda nyumbani, muziki wa saa sita usiku hauna jipya.

Jambo la mwisho, ukisema, kinafuata nini? Kwa sababu najua mnawaza huyu nesi anatuchimba tuseme halafu tunafukuzwa kliniki.

Hakuna anayefukuzwa. Hakuna anayenyang'anywa dawa, na ini halitolewi tena! Kuna kinachoitwa PEth, ni kipimo cha damu kinachoonyesha kama umekunywa ndani ya wiki mbili mpaka nne zilizopita. Cha mkojo kipo pia, chenyewe kinaona siku chache tu. Watu wanakiogopa PEth kama kamera ya trafiki. Mimi nakipenda, na nitawaambia kwa nini. Kwa yule ambaye hajanywa na nyumbani hawamwamini, karatasi ile inamaliza ugomvi. Mke hana haja ya kunusa. Mjomba hana haja ya kusimama. Na kwa aliyekunywa, inatupa pa kuanzia kabla ini halijaanza kulalamika, maana vimeng'enya vinaweza kuwa safi kabisa na mtu anakunywa.

Baada ya hapo kuna mazungumzo na mtu wa afya ya akili, na hapo sizungumzii vichaa, naona wengine wameshtuka. Kiu ya pombe mara nyingi imebeba kitu kingine, usingizi hauji, mtu alifiwa hakulia, kazi imepotea wakati anatibiwa, madeni ya safari ya India yanagonga mlango. Hilo la madeni msilichukulie poa, nimeliona likiwarudisha watu. Kuna vikundi vya watu walioacha, wanakaa wanaongea, wengine humu ndani mnahudhuria na mnajua. Kuna soba hausi, ila ukimpeleka mtu mwenye ini jipya huko hakikisha kwanza wanaelewa dawa zake zinamezwa kwa saa, asubuhi na jioni, kila siku, maana nimeshasikia sehemu wanamnyang'anya mtu vidonge vyote siku anaingia. Na zipo dawa za kupunguza hamu, baklofeni na nyinginezo, sio kila moja inafaa kwa ini au figo zako, vile vidonge vya kumfanya mtu augue akinywa ndio kabisa usinunue mwenyewe famasi. Daktari wako aamue.

Kuna mwalimu mstaafu mmoja, mwanamke, nawataja wanawake kwa sababu wao hawanywi baa, wananywa jikoni, na hakuna anayewauliza. Huyu alifiwa na dada yake. Usiku wa matanga wageni wamelala, kakuta chupa ya wine ya watu, kanywa glasi tatu. Saa kumi na mbili asubuhi simu yangu inalia. Nesi, nimekunywa. Nikamuuliza dawa umemeza? Akasema nimeishika mkononi, nimeogopa. Nikamwambia meza sasa hivi nikisikia, halafu uoge, uje. Alikuja na nguo za msiba. Tukapima, tukakaa, akaonana na mshauri wiki ile ile, alilia pale kuliko alivyolia makaburini. Nilimwona juzi kliniki, ini lake zuri, ananisumbua na habari za bustani yake ya mchicha.

Glasi tatu, simu moja, asubuhi hiyo hiyo. Dereva wetu wa Tunduma, bia za Jumamosi, miezi na miezi, kimya. Mnaona? Aliyekunywa kidogo na aliyekunywa zaidi kidogo, tofauti yao kubwa haikuwa kwenye glasi. Sema mapema. Sema ukiwa umetamani hujagusa. Sema ukiwa umegusa moja. Sema ukiwa umekunywa mwezi mzima, bado ni mapema kuliko kesho. Na familia, akisema, meza mate kwanza kabla hujajibu.

Haya, nimeongea sana na chai inapoa. Maswali yaanze, nimeona mkono wa baba wa shati la bluu na yule dada wa Tanga. Na kwa ambao swali lao sio la kuulizwa mbele za watu, kuna chumba pale pembeni, mlango wa kijani, nipo mpaka saa kumi. Njooni mmoja mmoja. Kama umekuja na mumeo au mkeo na hutaki aingie, nitamwambia mimi akuletee chai.